Migodi au Mizinga

Katika darasa letu la jioni la kompyuta, kwenye ukumbi wa parokia hapa Kalemie, darasa la pili lilikuwa limebakiwa na mashine moja tu iliyo wazi, yaani nafasi ya watu wawili. Niliitaka sana. Wenzangu niliojiunga nao walikuwa wameshapanda wote, nami bado nilikuwa darasa la kwanza.

Mwalimu Floribert aliamua nafasi hiyo ishindaniwe na jozi mbili kwa mchezo wa kompyuta wa vita vya angani. Kila upande una sayari yake. Migodi huchimba madini, na kwa madini unajenga migodi mingine au meli za vita. Lakini meli hunywa mafuta hata ikiwa imesimama.

Nilipangwa na Papa Grégoire, mchomeleaji vyuma bandarini. Yeye alitaka meli kubwa yenye mizinga kila upande.

"Mama Bertille, meli bila mizinga njo nini? Njo pirogi, mtumbwi wa kuvulia tu!"

"Na mizinga bila mugodi, papa, utapiga na nini? Mate?"

Tulikubaliana tujenge meli moja nyembamba ya ulinzi, na madini mengine yote yaende kwenye migodi. Alipoweka mzinga mmoja tu, alipumua kama mtu aliyenyimwa chakula.

Wapinzani wetu, Mama Fortunée na mdogo wake Elysée, walijenga meli tu. Punde zikajaa kwenye kioo, zinakuja kwetu.

"Pikeni, tunakuja kula kwenu!" akaita Fortunée.

Niliogopa, na mimi nikiogopa huomba. "Ndugu zangu, tuombe," nikasema kwa sauti. Kwetu mtu akisema hivyo, hakuna anayebaki na mkono kazini. Kofia zikavuliwa, macho yakafungwa. Niliombea darasa, wagonjwa, na wasafiri wa Moba walioko ziwani. Nilipofika kwa askofu, mwalimu akakohoa.

"Amina!" nikamaliza.

Hakuna aliyekumbuka kusimamisha mchezo. Migodi yetu ilikuwa imechimba muda wote. Meli za Fortunée zilikuwa zimekwama katikati ya anga, mafuta yamekwisha, kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kuzirudisha kujaza.

"Mama, hiyo ni maombi ao ni mutego?" aliuliza Fortunée. Ukumbi mzima ukacheka.

Mimi sikucheka. "Mwalimu, mchezo ulijihifadhi wenyewe kabla ya maombi. Turudie pale."

"Mama!" Grégoire alishika kichwa. "Mungu ametupatia ushindi, wewe unarudisha?"

"Sikumuomba azime meli za mwenzangu, papa."

Tukarudia. Mara hii niliomba moyoni, macho wazi. Fortunée alijaza mafuta njiani, akaja, akapiga. Meli yetu ikapasuka. Madini yalikuwepo, tukajenga nyingine. Nayo ikapasuka, lakini iliondoka na meli yao moja.

"Ingine, mama! Ingine!" Grégoire alikuwa amesimama.

Kila meli yao iliyoanguka ilikosa ya kuirithi, maana walikuwa na mgodi ule mmoja tu wa kuanzia. Mwishowe iliyobaki ikageuka kukimbia.

"Elysée, si tungejenga mugodi?" alilia Fortunée.

"Wewe njo ulisema mugodi ni kazi ya waoga!"

Mwalimu akatangaza majina yetu kwa darasa la pili. Nikainua mikono kumshukuru Mungu, Grégoire akicheza katikati ya mabenchi. Fortunée akaja upande wetu, bado anacheka.

"Nionyeshe, mama. Mugodi wa kwanza uliweka wapi?"

Nikamsogezea kiti.