Kifo cha Tatu cha Mzee Mdoe

Mzee Mdoe wa Misima alikuwa amekwisha kufa mara mbili, na mara zote mbili Kasmiri alihudhuria kwa heshima zote ambazo marehemu anastahili kupewa na mtani wake. Mara ya kwanza alivaa kanzu ya marehemu, akazunguka uwanjani akikohoa na kugomba kama yeye, mpaka marehemu akafumbua macho na kuuliza nani aliyetoa ruhusa kanzu ile ivaliwe. Mara ya pili mambo yalifika mbali. Mzee alianguka, akapigiza kichwa kwenye kinu, na waliomshika kifundo cha mkono hawakusikia kitu. Kwa kuwa maiti wa Kiislamu hacheleweshwi, kaburi lilichimbwa upesi. Kasmiri akashuka ndani, akalala chali, akatangaza kwamba Mnyamwezi hatoki katika kaburi la Mzigua mpaka aletewe jogoo. Watu wakiwa bado wanabishana naye juu ya ukubwa wa jogoo, habari ikaja kutoka nyumbani kwamba marehemu ameomba maji.

Misima ilicheka mwaka mzima. Kasmiri naye alicheka, hadharani. Lakini alipokuwa peke yake katika mistari ya mkonge huko Korogwe, kisu mkononi na miiba ikimchoma magotini, aliwaza jambo lisilochekesha hata kidogo. Kama jogoo yule angepatikana mapema, mzee angefukiwa hai. Na safari ya tatu huenda jogoo akawa tayari amefungwa miguu.

Ndiyo maana, mwaka wa hamsini na saba, aliposikia kwa Yordani, dresa wa kufunga vidonda hospitalini, kwamba Korogwe amefika daktari Mwingereza mwenye mashine ya kuandika moyo, hakungoja kuambiwa mara mbili. Daktari huyo, ambaye watu walikwisha kumpa jina la Bwana Waya, alikuwa akifanya uchunguzi juu ya mioyo inayosita. Kasmiri alivua kofia, akasimama mbele yake, akasema kwamba anaye mtu aliyekufa mara mbili na bado anagomba. Yordani akatafsiri neno kwa neno, bila kutabasamu. Bwana Waya aliiacha chai yake ikapoa.

Kesho yake Landrova ilipanda hadi Handeni na kushika njia ya Misima, nyuma yake ikitikisika mashine, betri na Kasmiri.

"Shikamoo, marehemu," Kasmiri alisema alipofika uwanjani.

"Marahaba, mpagazi," Mzee Mdoe akajibu. "Leo umebebeshwa mzigo wa nani?"

Mzigo ukaelezwa. Bwana Waya alizungumza kwa muda mrefu, na Yordani akafupisha. Nyama ya moyo, alisema, imejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kuta za vyumba hivyo zina vijilango. Chumvi za namna mbalimbali huingia na kutoka kwa zamu, na zinapopita huzaa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaoufanya moyo upige. Huko Ulaya wataalamu walianza kuyajua hayo kwa kupima mshipa wa ngisi. Mzee Mdoe akauliza ngisi ni nani. Yordani, ambaye alisoma Tanga na kuyaona mengi, akamwambia ni kiumbe wa baharini asiye na mifupa, mwenye mikono kumi. Kasmiri akasema sasa ameelewa kwa nini Wazungu wamekuja kuumalizia uchunguzi wao kwa Wazigua.

Halafu likaja neno ambalo halikufanyiwa utani. Kuna watu wanaoanguka kwa sababu moyo umesimama, na kuna wanaoanguka kwa sababu moyo unakimbia hovyo hata hausukumi damu. Kwa nje ni anguko lile lile. Lakini dawa ya huyu ni sumu ya yule. Daktari hawezi kumpa mzee dawa yoyote mpaka mashine iuone moyo wake wakati wa kuanguka kwenyewe. Na mashine ina siku tatu tu. Baada ya hapo inapanda treni ya Tanga, na kutoka Tanga inapanda meli.

Mzee Mdoe akaketishwa juu ya kitanda cha kamba, akafungwa vibati vyenye nyaya mikononi na miguuni, na Bwana Waya akatoa amri: asizungumze, asijitikise, asile wala asinywe wakati amefungwa. Chakula alipewa kila nyaya zilipofunguliwa. Kalamu ikaanza kuchora vilima juu ya karatasi, kimoja baada ya kingine, vimenyooka kama gwaride.

Siku ya kwanza mzee hakuanguka. Siku ya pili hakuanguka. Mkewe, Mama Mwantumu, alikuwa akimchungulia kila mara kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Kasmiri alikuwa na fikra yake. Vifo vyote viwili vilitokea mzee akiwa anagombana naye. Basi kinachomwangusha ni hasira. Kwa hiyo aliifanya kazi ya kumkasirisha kwa moyo wote, akijua kwamba safari hii anatukana kwa ajili ya elimu. Alimwambia kwamba ndevu zake ni katani iliyokataliwa na mashine. Alimwambia kwamba mbuzi wake humwonea haya wakikutana na mbuzi wa Chanika. Mzee Mdoe, akisahau amri ya kunyamaza, alijibu kwamba Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu toka Tabora hadi pwani na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni meno ya nani. Waligombana mpaka wakakaukiwa na mate. Vilima vikaendelea kujipanga kwenye karatasi kwa utulivu wa kuudhi, na ilionekana kwamba moyo wa mzee ulikuwa ukifurahia.

Siku ya tatu mchana, Bwana Waya alikata tamaa. Alianza kufunga masanduku, akamwambia Yordani aiache mashine iandike tu, karatasi iliyobaki isirudi Ulaya bure. Mama Mwantumu naye alisema wageni hawaondoki kwake na njaa, na kama mumewe hana budi kufa, hatakufa na njaa pia. Akaleta sinia: ugali, na nyama ya mbuzi iliyopikwa vizuri, na juu ya nyama limekaa ini. Daktari alikuwa amegeuka akihangaika na kamba. Yordani aliiona sinia, akaikumbuka amri, akanusa mchuzi, akaisahau amri.

Mtani hali kwa adabu. Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Mzee Mdoe alikuwa amekwisha kulitia ini mkononi na kulizungushia tonge kubwa kama ngumi. Kasmiri akamdaka kifundo cha mkono, nyaya na vyote, akasema marehemu hali ini. Mzee akavuta, Kasmiri akavuta. Kalamu ikarukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Kipande cha ini kikabaki kwa Kasmiri. Tonge lote lililobaki mzee akalitupa kinywani na kulimeza bila kulitafuna, asije akaporwa na hilo.

Macho yake yakatazama mbali. Kichwa kikalala begani kwa Kasmiri, polepole, kama mtu aliyesinzia ibadani.

Kalamu ikachora mstari. Hakuna kilima. Mstari tu, ukienda na kwenda, umenyooka kama reli.

Mama Mwantumu akajitwika mikono kichwani. Kasmiri alimshika mzee kwa mikono miwili na kutafuta mzaha, kama alivyoutafuta na kuupata mara mbili zilizopita, na safari hii ndani mwake hamkuwa na kitu. Alisikia sauti ikimwomba mzee asiende. Ilikuwa sauti yake.

Bwana Waya aliruka masanduku. Akamlaza mzee chini, akampiga ngumi moja kifuani. Kalamu ikainua kilima kimoja. Ikangoja. Ikainua kingine, na kingine, kisha vikaanza kufuatana. Mzee Mdoe alifumbua macho, akaona mashavu ya Kasmiri yaliyolowa.

"Umekwisha vaa kanzu yangu?" aliuliza.

Hapo Bwana Waya akacheza. Hakuna neno jingine la kueleza alichofanya na ile karatasi mikononi. Moyo ulikuwa umesimama. Haukukimbia, ulisimama, na ushahidi ulikuwa umeandikwa kwa wino. Lakini kwa nini sasa, baada ya siku tatu? Akataka kujua mara zile mbili mzee alikuwa akifanya nini. Mama Mwantumu akafikiri, akasema ya kwanza ilikuwa Idi, wakati wa kula nyama. Ya pili ilikuwa arusi, wakati wa kula nyama. Yordani akauliza nani alikuwa naye kwenye sinia. Mama Mwantumu akageuka. Alimtazama Kasmiri, na wote wakamtazama Kasmiri, naye akakirudisha kwenye sinia kile kipande cha ini.

Kuna mshipa, daktari akaeleza, unaoshuka toka kichwani, unapita karibu na njia ya chakula, unafika moyoni. Kazi yake ni kuutuliza moyo. Kwa mzee, tonge kubwa likipita kwa nguvu huuchokoza mshipa huo, nao hupeleka amri ya kupita kiasi: vijilango vya chumvi ya namna moja hufunguka, chumvi ile hutoka kwa wingi, na moyo unanyamaza.

"Bwana Daktari anasema," Yordani akamalizia, "kwamba kitaalamu umemuua mara tatu."

Kasmiri hakucheka.

Dawa ilikuwapo. Huizuia amri ya mshipa isifike moyoni. Daktari akampiga mzee sindano, akamwachia na chupa ya matone ya kunywa kabla ya kula, akamwonya kwamba itamkausha kinywa. Baada ya muda mzee alisema ulimi wake umekuwa Handeni wakati wa kiangazi, na Bwana Waya akafurahi. Kisha mzee akaomba tonge jingine, kubwa kama lile.

Daktari alikataa. Mama Mwantumu alikataa zaidi. Kasmiri aliisogeza sinia mbali kwa mguu.

"Nisikilizeni," Mzee Mdoe akasema. "Dawa hii ikishindwa leo, daktari yuko hapa na ngumi yake. Ikishindwa kesho, yeye yuko Tanga, na mimi nimebaki na huyu anayelala makaburini. Nileteeni ugali."

Yordani alitafsiri. Bwana Waya akatia dawa katika sindano ya pili, akapiga goti karibu na mgonjwa, akatikisa kichwa kukubali.

Mzee akafinyanga tonge. Hakuna aliyepumua uwanjani. Alilitia kinywani, akamtazama Kasmiri machoni, akameza. Wote waliliona koo likipanda na kushuka.

Kilima. Kilima. Kilima. Vilikuja vimekaribiana kuliko mwanzo, vina haraka, lakini vilikuja. Kasmiri aliviangalia mpaka macho yakamwasha. Mama Mwantumu aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama na kuanza kucheka, na kicheko chake kikapita uani hadi kwa majirani, ambao walikuwa wamekwisha kuchukua majembe kwa tahadhari.

"Mpagazi," Mzee Mdoe akasema, "hilo ini linakungoja. Au safari hii ni mkono wako uliosimama?"

Kasmiri alisema kwamba hataki tena kula na mtu wa namna hii. Mzee akamjibu kwamba asiyeporwa chakula na mtani wake huyo ndiye maiti; yeye atakunywa matone yake, atatafuna vizuri, na Kasmiri atapora kama alivyoumbwa. Halafu akalisogeza ini katikati ya sinia.

Kasmiri akalichukua. Mzee akamchapa mkono. Bwana Waya alifungua kinywa kuwakataza, akaitazama karatasi ikijaa vilima, akakifunga. Akaomba maji, akanawa mikono, akaketi kwenye sinia.