Hatua Sabini za Orville

Kabla mtu hajatua begi lake chini, Orville Stiltner alikuwa ameshatundika kisepeto.

Kilikuwa kisepeto cha plastiki cha kuchimbia, cha rangi ya chungwa, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na mahali pake palikuwa kitawi kilekile cha mwaloni uleule, mwaka wa thelathini na nne sasa. Pale kwenye kijito cha Hensley hakuna choo, hakuna bomba, hakuna meza wala taa. Kuna mawe yaliyopangwa duara kwa ajili ya moto, kuna uwanja wa kutosha mahema matatu, na kuna maji yanayopita yakipiga soga na mawe kutwa kucha. Pikapu mnaiacha barabarani huko chini, kisha mnapanda kwa miguu saa tatu. Anayetaka zaidi ya hayo, Orville humwambia abaki nyumbani na runinga yake.

"Haya, mgeni, sikiliza," alimwambia Anton, aliyekuwa bado anahema. Anton alikuwa mchumba wa binti yake, mtu wa mjini, na suruali yake ya msituni ilikuwa mpya hata karatasi ya dukani ilikuwa bado inaning'inia nyuma. "Kisepeto kikiwa hakipo hapo, ujue kuna mtu kazini. Usimfuate, usimwite. Kikiwepo, njia nyeupe. Unahesabu hatua sabini kutoka kwenye maji. Sabini! Unachimba shimo refu kama kiganja chako, unamaliza shughuli zako, unafukia. Paka hufukia, na wewe huwezi kushindwa na paka."

"Hatua za nani, mzee? Zako au zangu?"

"Za mtu mwenye adabu."

Twyla, binti yake, alicheka huku akifungua kamba za hema. "Muulize mjomba Burl yaliyompata."

Orville hakucheka. Burl alikuwa kaka wa marehemu mkewe, na walikuwa wamepiga kambi pamoja tangu wote wawili wana nywele. Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, asubuhi moja Orville akakuta uchafu karibu na maji, Burl akakiri ni wake, na Orville, mbele ya watu saba wenye vikombe vya kahawa mkononi, akamwambia: chukua begi lako. Burl akachukua begi lake. Hata siku walipomzika mama yake Twyla, wanaume wale walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, wakitazamana viatu.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Orville hakumwambia mtu. Goti lake la kulia, lililopasuliwa wakati wa baridi, lilikuwa halijapona. Twyla alikuwa ameshasema mapema: "Baba, mwaka huu twende kule kwenye vyoo na umeme, uegeshe gari mlangoni mwa hema." Orville akamjibu kwamba goti ni jipya kama limetoka dukani jana. Alijua vizuri, akikubali vyoo mwaka mmoja, ndiyo basi, kijito cha Hensley hatakiona tena ila kwenye picha. Kwa hiyo katika kupanda, kila goti lilipomchoma alisimama, akanyoosha kidole juu na kumwonyesha Anton ndege. Siku hiyo Anton alionyeshwa ndege wengi kuliko waliopo msituni.

Jioni walikula maharage yenye nyama na pilipili kutoka kwenye makopo. Orville alikula mabakuli matatu ili aonekane mzima. Tumbo lake lilikuwa na maoni mengine, ila halikuyatoa mpaka alfajiri.

Mvua nyepesi ilikuwa inaanguka alipoamka, na mwanga ulikuwa ule wa kijivu ambao unaona vitu bila kuvitambua. Alivaa miwani yake ili afunge kamba za viatu, na hata hizo hakuzimaliza. Akatoka nje. Kisepeto kilikuwa ng'ambo ya duara la mawe, kikimtazama. Huko kwenye hatua sabini ni kupanda mlima, na udongo ulikuwa umelowa ukateleza kama sabuni. Aliweka mguu wa kulia, goti likakataa. Akaweka tena, likakataa tena, na tumbo likasema halingoji mazungumzo. Upande wa chini, wa kuelekea kijitoni, ulikuwa tambarare.

Alihesabu, maana mazoea ni mazoea. Ila alihesabu kinyumenyume: baada ya kumaliza ndipo alipotembea kutoka pale hadi kwenye maji, akajua zilikuwa hatua kumi na nane. Hakuchimba. Alivuta jiwe bapa, kubwa kama sinia, akalifunika lile jambo, akajiambia: kukicha nitarudi na kisepeto nilihamishe. Akarudi kulala akiwa ameloa, moyo ukimdunda kama wa mwizi wa kuku.

Kulipokucha, kila alipotaka kurudi palikuwa na mtu. Twyla anachemsha kahawa. Anton anapiga mswaki. Halafu ikaja habari ya miwani.

"Nani kaona miwani yangu?"

"Iko usoni, baba."

"Ingekuwa usoni ningekuona unavyonicheka."

Walitafuta ndani ya hema, chini ya mabegi, hata kwenye sufuria ya maharage. Orville aliwatania kwamba dubu kaichukua akasome. Alitania sana asubuhi ile, kuliko kawaida yake.

Anton akasema kikaango cha mkate wa mahindi kinayumba juu ya moto, acha akatafute jiwe bapa la kukikalisha. Orville akasema mawe yapo hapahapa. Anton akasema haya yote ni ya mviringo. Akaenda. Baada ya kitambo akarudi mikono mitupu, akipitia nyuma ya mahema, akachukua kisepeto kitawini, akaondoka nacho. Sheria ni usimfuate, usimwite. Orville alibaki amekaa juu ya gogo kama aliyegongomelewa.

Twyla ndiye aliyeteremka kuchota maji mengine, na ndiye aliyepiga kelele.

"Anton! Usiniambie!"

Orville alifika akichechemea, akajifanya ameteleza. Anton alikuwa amechutama, jiwe limegeuzwa, kisepeto kimejaa. Hakuhitaji kueleza kitu, harufu ilikuwa imeshaeleza.

"Hapa?" Twyla alisema. "Hapa, Anton? Mimi nachota maji pale chini! Tumekunywa kahawa!"

Anton akainuka taratibu. Akamtazama Twyla. Kisha akatazama juu ya bega lake, akamwona Orville, na macho yake yakakaa hapo kidogo tu, muda wa mtu kumeza mate.

"Samahani," alisema. "Ni kosa kubwa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Orville alilijua hilo, alilihisi neno limefika kwenye ulimi limekaa tayari. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hotuba yake ya miaka yote.

"Kijana, nilikwambia hatua ngapi?"

"Sabini, mzee."

"Na hapa ni ngapi?"

"Kumi na nane," Anton alisema. "Nimezihesabu."

Masikio ya Orville yakawaka moto. Twyla akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba Burl alifukuzwa kwa hili." Na Orville, Mungu amsaidie, akaweka mkono begani mwa yule kijana kama kadhi mwenye huruma, akasema: "Yeye ni mgeni. Mara hii tumsamehe."

"Ahsante, mzee," alisema Anton. Akachukua kisepeto chake kilichojaa, akapanda mlima akihesabu kwa sauti.

Orville alirudi hemani kujilaza, akisingizia usingizi. Alipovuta kiatu chake cha akiba mlangoni ili akisogeze, kitu kikagonga ndani. Alitia mkono. Ilikuwa miwani yake, imefutwa maji, imekunjwa vizuri ndani ya leso safi ambayo haikuwa yake.

Ndipo akakumbuka. Mvua ilikuwa imeziba vioo, akaivua, akaiweka juu ya mzizi, pembeni kabisa ya lile jiwe.

Alikaa na miwani mkononi. Amewahi kupigwa na maisha, Orville. Kiwanda cha mbao kilifungwa akiwa ndani, mke akamfia, mti ulimwangukia mara mbili na mara ya pili ulikuwa mti wake mwenyewe. Yote hayo aliyasimulia watu wakacheka. Hili hakuona atalisimuliaje. Nje alisikia sauti ya binti yake, ya chini, ile ya mtu anayejizuia.

"Si choo, Anton. Binadamu tunaugua. Ila uliamka, ukaniona nachota yale maji, ukanyamaza. Mtu wa kunyamaza hivyo nitaishi naye vipi?"

Anton hakujibu. Orville alingoja ajibu. Aliomba ajibu.

Twyla alipoondoka kwenda kuokota kuni, Orville akamfuata Anton kijitoni, alikokuwa anasugua kile kisepeto kwa mchanga.

"Kwa nini hukusema?"

Anton hakugeuka. "Baba yangu alikuwa na goti kama hilo, mzee. Na yeye alianza hivihivi, kuonyesha ndege."

"Unataka kumpoteza binti yangu kwa ajili ya goti langu?"

"Nilifikiri utasema mwenyewe." Akakung'uta maji. "Nilikupa nafasi. Nikakutajia na idadi."

Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyouma. Angemtukana, Orville angepata la kumjibu.

Mkate wa mahindi ulikuwa umeiva, na Twyla anaukata ndani ya kikaango bila kumtazama mtu, Orville aliposimama mbele yake na miwani usoni.

"Umeipata wapi?" aliuliza Twyla.

"Ilikuwa pale kwenye jiwe. Niliiacha alfajiri." "Ni mimi, Twyla. Goti halikupanda. Lile jambo chini ya jiwe ni langu, si la Anton. Yeye alikuwa ananisaidia kufukia."

Alijitayarisha kwa kicheko. Katika familia ile jambo kama hilo huchekewa miaka ishirini, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza. Lakini Twyla aliweka kisu chini. Akamtazama Anton, aliyekuwa anatazama moto, kisha akamtazama baba yake kwa muda kama vile anatafuta mahali pa kumshika.

"Ulimsamehe," alisema.

"Ndiyo."

"Baba. Ulimsamehe Anton kwa mavi yako."

Hakuna aliyecheka. Mkate ukapoa. Twyla akahama upande wake wa moto, akaenda kukaa karibu na Anton, akatia mkono kwapani mwake. Akasema, bila hasira sasa, jambo lililomkalia Orville vibaya kuliko yote: "Na mjomba Burl? Yeye alikiri papo hapo."

Orville akaenda mwalonini, akakiteremsha kisepeto, akaanza kukunja hema lake.

"Unafanya nini?"

"Sheria ni sheria. Nachukua begi langu."

"Kaa chini, baba, una goti bovu."

"Nimelijua leo?"

Begi alilichukua Anton, bila kuombwa. Waliteremka wote watatu, na safari hii Orville alisimama kila palipouma akasema tu, "Linauma, ngojeni." Hakuonyesha ndege hata mmoja.

Burl alikuwa barazani kwake anamenya viazi pikapu ilipoingia uani. Alikuwa amezeeka, tumbo limetangulia, kipara kimekamilika. Alimwona Orville akishuka kwa shida na kisepeto cha rangi ya chungwa mkononi, akaacha kumenya.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, shemeji."

"Basi umepotea njia."

Orville alisimama chini ya ngazi. Twyla na Anton walibaki garini, vioo vimepandishwa, na hilo alilishukuru. Akaeleza. Hakuipamba, hakuitilia utani, na alipofika mahali pa kumsamehe Anton ikabidi aanze upya. Burl alisikiliza akiwa ameshika kiazi.

"Hatua ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Kumi na nane."

Burl akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilifika arobaini na moja. Na homa ya tumbo, natambaa. Nilikwambia naumwa."

"Uliniambia."

"Ukasema mtu mzima hujizuia."

"Nilisema."

"Mbele za watu. Nikashindwa hata kumaliza kahawa yangu." Akakitazama kile kiazi. "Dada yangu kafa, nimesimama ng'ambo ya shimo, nataka kukushika mkono, na nikikuangalia naona ile kahawa tu."

Orville alipanda ngazi moja, goti likalia, akalaza kisepeto juu ya sakafu ya baraza, miguuni pa shemeji yake, kwa kuwa hakujua pengine pa kukiweka.

Burl akakiokota. Akakigeuza upande huu na upande huu. Uso wake haukulegea, lakini alisogeza beseni la viazi ili njia ya mlangoni iwe wazi.

"Choo kiko ndani, mkono wa kushoto," alisema. "Hatua sita. Utaweza?"

Orville hakuwa na haja yoyote. Aliingia hata hivyo, akazihesabu, sita kamili, akafunga mlango, akafungulia maji ya bomba, akayaacha yamwagike kwa nguvu wakati ameuegemeza uso wake kwenye taulo la Burl, mpaka ulipofaa tena kuonekana na watu.