Kochi la Mwenye Rimoti

Tangu runinga iingie nyumbani kwa Dani, nyanya yao, kule Rusinga, sheria ilikuwa moja: anayeshika rimoti huketi kando yake, kwenye kochi lenye kitambaa cha maua. Wengine, mkekani. Kwa miaka miwili kochi lilikuwa la Lynnet. Kisha akaenda bweni Asumbi, muhula mmoja tu, na aliporudi likizo alikuta binamu yake Dolphine amelikalia hadi limechukua umbo lake.

Dolphine alikuwa amefanya jambo moja: kupunguza ubora wa picha ili mtandao dhaifu wa kisiwani uweze kuibeba bila kukwama.

"Huyu ana mkono," Dani alimwambia kila mgeni. "Zamani tulikuwa tunaangalia kile kiduara kikizunguka kama mbuzi kwenye kamba."

Zamani! Lynnet alilimeza neno hilo kama dawa ya minyoo. Zamani ilikuwa yeye.

"Lakini wachezaji wana sura za ugali," alisema.

"Ugali unaotembea ni afadhali kuliko samaki aliyekwama," akajibu Dolphine, na Dani akacheka mpaka akajifuta machozi. Hapo ndipo vita vilipotangazwa.

Jumamosi timu ya taifa ilikuwa icheze alasiri. Dolphine alipoteremka ziwani kuteka maji, Lynnet alifunga mlango na kufungua mipangilio kwa unyenyekevu wa padri mbele ya altare. Akapandisha ubora wa picha. Kisha, ili isikwame, akatafuta panapoulizwa runinga iweke akibani sekunde ngapi za picha kabla ya kuionyesha. Zilikuwa tano. Akaweka sitini. Mtu angeuliza tu ni nani aliyetenda maajabu haya, naye angesimama.

Mechi ilianza, picha ikateleza kama mafuta. Hata chunusi za kipa zilionekana.

"Wololo!" akasema jirani yao Mama Phelesia, kiongozi wa akina mama kanisani. "Leo kuna nini?"

Lynnet akasafisha koo.

"Gooo!" Kelele zililipuka kwa jirani mwingine, Gordon, ng'ambo ya ua. Kwa Dani, mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja.

Dolphine akaruka. "Nani amegusa mipangilio? Tumechelewa dakika nzima! Lynnet, ni wewe?"

"Mimi? Haki ya Mungu, sijaigusa!"

Mama Phelesia alitikisa kichwa polepole, kama karani wa mahakama aliyekwisha kuandika kiapo.

"Nyamazeni," akasema Dani, sikio lake likiwa dirishani. Akanyoosha kidole. "Sasa tunafunga."

Na wakafunga. Mkeka mzima ukapiga mayowe. Baadaye ikaja penalti. Dani akamsikiliza dirishani mtangazaji wa runinga ya Gordon, akafumba macho kama nabii. "Kipa wetu ataruka kushoto. Ataudaka." Akaruka kushoto. Akaudaka. Mama Phelesia akapiga magoti.

Dani hakuwahi kuwa na furaha namna hiyo. "Dolphine, nyathina, mtoto wangu, umeifundisha runinga adabu! Inaningoja nimalize kusema. Kuanzia leo rimoti ni yako, hata shule zikifunguliwa."

Dolphine, aliyekuwa amefura dakika chache zilizopita, aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, Dani. Nilijaribu tu."

Lynnet alifungua mdomo. Mama Phelesia akamgeukia, akingoja kwa hamu.

Lynnet akaufunga, akasogea kidogo mkekani.