Jina Lililoitwa Mara Mbili

Ushungi wa Bilkisi ulikuwa na faida ambayo hakuna shehe aliyewahi kuihubiri: ulificha waya wa simu uliopanda mpaka sikioni. Kila Ijumaa asubuhi, nyimbo mpya zilipotoka, alikaa kwenye kaunta ya mizigo ya baba yake mdogo, Hassani, akipokea magunia ya samaki wakavu na maboksi ya sabuni ya kwenda Sandoa, Kisenge na Dilolo, huku sikio moja likiwa kazini na la pili likiwa kwenye gitaa. Wateja walimwona akitikisa kichwa, wakadhani anakubaliana nao. Masikini, alikuwa akifuata ngoma.

Hakuwa mjuzi wa muziki wala hakujifanya mjuzi. Hakujua kupiga chombo chochote, na sauti yake mwenyewe ilitosha kumtoa mtoto usingizini. Lakini tangu alipopewa talaka akarudi Kolwezi na sanduku moja, alikuwa na blogu yake aliyoiita Sikio la Ijumaa, akitia chini yake jina moja tu, Bilkisi, na hakuwahi kuruka wiki. Aliandika kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ukuta: wimbo huu umenipendeza, ule umenichosha, na huyu kijana aache kulialia kwa maana mpenzi wake ameshaolewa na ana watoto. Madereva walimsoma kwenye foleni ya mpakani. Makarani walimsoma ofisini wakijitia kushughulika. Hassani hakusoma, ila alijua kuna kitu, kwa sababu siku za Ijumaa binti wa kaka yake alikuwa na uso mwingine kabisa. Blogu hiyo ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwa Bilkisi ambacho hakupewa na mtu, na ambacho hakuna mtu angeweza kumnyang'anya.

Sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mwisho, yenye kichwa "Nani Amelipa?" Nyimbo za nchi hii zina desturi yake. Gitaa likishachangamka, mwimbaji huanza kuita majina: mfanyabiashara fulani, mheshimiwa fulani, mama fulani mwenye maduka matatu. Wenye majina hayo wamelipa ili waitwe, na hilo halina siri, hata watoto wanalijua. Bilkisi aliyaokota majina moja moja na kuyafanyia mzaha. Alikisia gari la jipu analoendesha mwenye jina, kitambi chake, na mke yupi kati ya wake zake ndiye aliyemshikilia mpaka akatoa fedha. Hakumtukana mtu. Wenyewe walicheka, na mmoja wao alipita kaunta kumletea soda.

Ijumaa ile wimbo ulikuwa wa René Kalumba, kijana wa hapahapa Kolwezi, ambaye alichimba kobalti kwa mikono yake miaka mingi kabla sauti haijamtoa shimoni. Bilkisi aliusikiliza mara moja tu. Lori la Dilolo lilikuwa likipakiwa, na Hassani alikuwa akifoka uani kuhusu gunia lililopasuka. Majina yakaja kama kawaida, na sifa zake. Halafu gitaa likanyamaza, ngoma zikanyamaza, na René akaita peke yake: "Kisimba ya Musonoi." Kimya. "Kisimba ya Musonoi." Kimya kirefu zaidi, kisha gitaa likarudi kana kwamba hakukuwa na kitu.

Aliusifu wimbo, na aliusifu kwa moyo mweupe. Alipofika kwenye "Nani Amelipa?" vidole vikamwasha. Akaandika: "Sasa huyu Kisimba ya Musonoi ni nani, ndugu zangu, aliyelipa mpaka gitaa likazimwa? Wenzake wanalipa wapigiwe kelele, yeye amelipa tunyamaze. Hapa mjini hatumjui, ingawa Musonoi ni mtaa wetu. Labda siku hizi anauza madini ya manganizi kule Kisenge, na jipu lake bado lina nailoni kwenye viti. Tata Kisimba, baba yetu, siku ukirudi nyumbani usitusahau." Akabonyeza, ikaenda, naye akarudi kwa samaki wake.

Hakuna alichowahi kuandika kilichosambaa namna ile. Watu walikikata kipande hicho na kutumiana kwenye simu, na jioni dereva mmoja mgeni alimsomea Bilkisi maneno yake mwenyewe bila kujua anamsomea nani. Bilkisi alicheka mpaka akashika ubavu. Alilala akiwa na furaha, na hakuna ubaya katika kulisema hilo.

Jumatatu aliingia mama mmoja mtu mzima, kitenge chake kimepigwa pasi, mfuko wa nailoni umekumbatiwa kifuani. Alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, na baada ya hapo akasema haja yake.

"Mama, mi natafuta plasi mu kamyo ya Kisenge."

Bilkisi alimweleza kwa upole kwamba malori yao yalibeba mizigo, hayakubeba abiria, ingawa wote wawili walijua kwamba dereva hakosi mtu kando yake. Akamuuliza kule anakwenda kwa nani.

"Kwa mutoto wangu. Iko kule, anauzisha manganizi." Mama akafungua mfuko kidogo, kwa fahari na kwa aibu pamoja. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi vikang'aa, na shati jeupe lililokunjwa. "Aliacha biatu yake ya kanisa. Mutu wa feza hawezi kutembea na masandale."

Bilkisi aliuondoa waya sikioni. Alijua jina kabla hajaliuliza, na hata hivyo aliliuliza, akitumaini kwamba dunia ina mama wengine na watoto wengine.

"Kisimba," mama akasema. "Banamuita mpaka mu wimbo."

Aliitwa Mama Kapinga, na aliyasimulia mambo yake hapohapo kwenye kaunta, bila haraka, huku watu wa samaki wakipita. Wakati wa mvua kubwa shimo alimochimba mwanawe lilianguka. Wenzake walisema alikuwa ndani. Mmoja alisema hapana, alikuwa ametoka kununua sigara. Kabla hawajamaliza kubishana, wenye eneo walileta mashine, wakamwaga udongo, wakazungusha uzio, na hakuna aliyeruhusiwa kufukua. Hakuletewa mwili. Watu wa kanisa walikuja kukaa matanga naye, na yeye hakujua akae vipi, kwa sababu hakuwa na kaburi la kuelekea. Halafu ukaja wimbo. Alipolisikia jina alianguka chini sokoni penye mboga zake. Lakini jirani alikuja na simu, akamsomea yaliyoandikwa na yule mama anayejua muziki, kwamba Kisimba amelipa, kwamba yuko Kisenge, kwamba ana jipu.

"Mu wimbo habaite mufu," alisema, akimfafanulia Bilkisi kama mtu anayemfafanulia mgeni. "Banaita mwenye kulipa. Na mwenye kulipa iko muzima."

Wakati huohuo msichana mmoja aliingia akihema, sindano mbili zimechomekwa kwenye kifua cha blauzi yake, akamshika mama mkono. Alikuwa Glodie, binti yake, fundi wa nguo. Alikuwa ameacha cherehani ya watu ikizunguka, akamkimbilia mama yake. Na kabla hajasema la kusema, sauti ya Hassani ilipaa kutoka uani: "Bilkisi! We Bilkisi!"

Glodie aligeuka taratibu. Jina hilo lilikuwa limesomwa nyumbani kwao siku tatu mfululizo. Alimwomba Bilkisi watoke nje kidogo, wakasimama kando ya gurudumu la lori, mama akiwa amebaki ndani na mfuko wake.

"Kumbe ni weye njo uliandika," alisema. Hakuwa akiuliza.

Bilkisi aliitikia. Alisema alikwisha kumsikia mama, kwamba atayafuta maneno yale sasa hivi, na kweli aliitoa simu akayafuta palepale. Maneno yalikuwa yamekwisha kukaa kwenye simu za mji mzima, na wote wawili walijua.

"René alikuwa naye mu lile shimo," Glodie akasema. "Yeye alitoka, yaya yetu, kaka mukubwa, hakutoka. Njo maana alimuita. Hakuna mwenye alilipa kitu."

Bilkisi alimuuliza kama mama ameambiwa.

"Nilimuambia. Anasema mi sijue muziki. Anakusikia weye." Akafuta uso kwa kiganja. "Tangu Ijumaa mama anakula. Alikuwa hakule. Sasa ukimuambia, atawacha tena. Na usipomuambia, atapanda hii kamyo, akazunguke Kisenge na biatu mu mukono. Mi sijue tena. Weye njo uliandika, weye njo utajua."

Akamwacha pale na lori.

Bilkisi alisimama, na lazima isemwe kwamba jambo la kwanza lililomjia akilini lilikuwa uongo. Angeweza kusema lori limejaa. Angeweza kusema lijalo pia limejaa, na la baada yake, na mama angechoka, na siku zingefanya kazi ambayo yeye aliiogopa. Uongo huo ulikuwa mwepesi na wa heshima, na kaunta ile ilikuwa imewahi kusikia uongo mkubwa zaidi. Lakini alikumbuka jinsi alivyoandika: mkono mmoja kwenye gunia, sikio moja kwa Hassani, kicheko tayari mdomoni kabla wimbo haujaisha. Alijiona mchafu. Kwa miaka yote ya Ijumaa zake alijisifu kwamba yeye ni msikilizaji tu, na sasa alijiuliza ni nini hasa alichokuwa amekisikiliza.

Alirudi ndani. Hakukaa upande wake wa kaunta. Alizunguka akaketi kwenye benchi la wateja, goti lake karibu na goti la mama.

"Mama, mi njo niliandika ile maneno," alisema. "Simujue Kisimba. Sikujua kitu ya Kisenge, ya jipu, sikujua. Nilikuwa najichekea tu. Unisamehe."

Mama Kapinga hakulia. Aliangalia viatu ndani ya mfuko. Kisha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama aliusikiliza wimbo vizuri. Bilkisi alikiri kwamba aliusikiliza mara moja, na kwa sikio moja.

"Basi tusikie," mama akasema.

Bilkisi aliuchomoa waya, akaweka simu kwenye benchi kati yao. Gitaa likajaa chumba. Wabebaji wa samaki wakasimama mlangoni. Hassani alikuja akitaka kufoka, akamwona mama, akasogea ukutani. Majina ya wakubwa yakapita na sifa zake. Kisha gitaa likazimika.

"Kisimba ya Musonoi," simu ikasema.

Safari hii Bilkisi alikisikia kimya. Hakikuwa kitupu. Ndani yake mlikuwa na pumzi ya René, iliyoingia na kukatika njiani, kama ya mtu aliyeinama na kutega sikio. Jina likaitwa tena. Pumzi ikangoja tena, ikangoja mno, na gitaa liliporudi lilirudi kwa kuchelewa, kana kwamba mpigaji naye hakutaka.

"Bachimbaji banaitaka vile, ku mulango ya shimo," Mama Kapinga alisema polepole. "Mutu akikawia chini, banamuita mara mbili. Kisha banangoja kamba itingishike." Alivikunjia viatu shati jeupe, akafunga mfuko. "Kisimba alinielezaka. Mi nilijua. Siku ya kwanza nilijua. Weye njo ulinisahaulisha."

Aliyelia ni Bilkisi. Alilia bila kujificha, mbele ya wabebaji na mbele ya baba yake mdogo, na Mama Kapinga alimwacha alie, hakumbembeleza wala hakumfukuza. Glodie alikuwa amesimama mlangoni.

Bilkisi alipotulia, mama aliuweka mfuko kwenye kaunta, mahali pa mizigo. Aliuliza: kitu kikitumwa Kisenge, na mwenyewe asije kukichukua, kinakwenda wapi?

Bilkisi alimwambia kinakaa hapo stoo kidogo, kisha kinarudi na lori.

"Kinarudi kweli?"

"Kinarudi, mama."

"Basi andika jina yake. Kikirudi, nitakaa kilio."

Bilkisi alichukua kalamu nene ya kuandikia magunia. Hakuna kitu alichowahi kukiandika kwa uangalifu kama ule, herufi kwa herufi, akizishikilia zisipinde kwenye nailoni: KISIMBA, MUSONOI. Hassani mwenyewe aliubeba mfuko ule, akauweka mbele kwa dereva, si nyuma na samaki.

Ijumaa ilikuja na nyimbo zake. Wasomaji walingoja, na kufikia saa sita walianza kuuliza kama Sikio la Ijumaa linaumwa. Bilkisi aliufungua ukurasa, akaandika jina la René Kalumba na jina la wimbo, akaandika kwamba aliukosea na kwamba katika wimbo ule yupo mtu ambaye hakulipa. Hakupata sentensi ya pili. Akaiacha peke yake, akaituma hivyo hivyo, bila mzaha, na kwa mara ya kwanza hakurudi kuona nani amejibu nini.

Lori la Kisenge lilirudi siku nyingine alasiri, limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Bilkisi aliiacha kaunta na mteja akiwa katikati ya kueleza mzigo wake, akatoka uani. Waya ulining'inia shingoni, hauimbi kitu. Dereva alishuka, akajinyosha mgongo, akasalimia, na wabebaji wakaanza kuteremsha: mihogo, asali, matairi mabovu, mfuko, mfuko mwingine. Kwenye kila mfuko aliinama kusoma jina. Alijua kilichomo shimoni, alikuwa amekisikia kwa masikio yake mwenyewe, alikuwa amekililia. Na bado, dereva alipofungua mlango wa mbele kutoa vilivyobaki, Bilkisi alijikuta ameshika pindo la ushungi wake kwa mikono yote miwili, akiomba mfuko ule usiwemo.