Orodha ya Vichanja Iliyofungiwa Gungu

Nilisoma kompyuta miaka miwili, masomo ya jioni, nikianza na umri wa miaka sitini na tatu, na cheti kipo ukutani. Kwa hiyo daftari la vichanja, linaloonyesha nani anaanika wapi, lilipolowa kwa mara ya tatu mikononi mwa Leonardi, aliyekuwa katibu, wanachama wa Umoja wa Waanika Dagaa walinifanya mimi katibu, nikaihamishia orodha yote kwenye hifadhidata ya mtandaoni.

Kazi hiyo niliifanyia Gungu, sebuleni kwa shemeji yangu Mwanne, kwa sababu ana intaneti ya nyumbani. Niligundua hifadhidata iko wazi kwa dunia nzima. Nikaandika sheria: anayeingia atokee kwenye intaneti ya nyumba hii tu. Hata ukurasa wa kubadilisha sheria nikaufunga vivyo hivyo.

"Na asiyekuwemo kwenye sheria?" Mwanne aliuliza akinimiminia chai.

"Haingii, hata awe waziri."

Jumamosi mitumbwi ilileta dagaa wengi mno. Ufukweni Ujiji watu walisukumana na mabeseni, kila mmoja akidai kichanja cha mbele penye jua. Mwenyekiti wetu, Petero, akaniambia nisome orodha. Nikaunganisha kompyuta na intaneti ya simu yangu. Ikaandika: Huruhusiwi.

"Katibu kajifungia nje!" Leonardi alipiga kelele, daftari lake lenye ukungu kwapani. "Hili langu haliombi ruhusa!"

Petero alitazama jua. "Mzee Khalfani, ikifika saa sita hujasoma, tunachagua katibu mwingine."

Nikapanda bodaboda hadi Gungu. Leonardi akanifuata kwa nyingine, eti awe shahidi.

Mwanne alitokea getini, mikono ya njano kwa singo hadi kwenye viwiko. "Shemeji, ndani bibi harusi anasingwa. Mwanaume hapiti."

"Dakika mbili tu. Nitafumba macho."

"Asiyekuwemo haingii, hata awe waziri. Wewe ni waziri?"

"Ni katibu."

"Haya, kaa hapo hapo."

Ndani wanawake walicheka. Leonardi alicheka mpaka akaketi chini. Nikazunguka ukuta mzima nimeinua kompyuta juu ya kichwa, lakini intaneti haikufika. Zilipobaki dakika kumi, nilimpitishia Mwanne kompyuta juu ya ukuta, na simu yenye Petero hewani.

"Nywila?" akaita.

Nikanong'ona.

"Sisikii!"

"KhalfaniMsomiKulikoLeonardi!"

Leonardi akaacha kucheka. "Kuliko nani?"

"Yote pamoja," nilimwambia Mwanne. "Msomi kwa herufi kubwa."

Kule ufukweni Petero aliweka simu kwenye kipaza sauti. "Kichanja cha kumi na nne, Winfrida!" Mwanne alinguruma. "Samson, toka hapo mbele, nakujua, chako ni cha arobaini!" Inasemekana Samson aliondoka mbio bila beseni. Hakuna aliyebisha hata neno.

Alimaliza saa sita kasoro dakika moja.

"Orodha imesomwa kwa wakati," nikapaza sauti kutoka ukutani. "Naendelea kuwa katibu."

"Kasoma nani?" Petero akauliza kwenye simu, ambayo Mwanne alikuwa ameifungulia spika. "Tupige kura."

Mwanne ana vichanja viwili, ni mwanachama halali. Alipata kura zote isipokuwa yangu na ya Leonardi, ambaye alijipigia mwenyewe akiwa bado kaketi chini.

Nilimweleza katibu mpya jinsi ya kuongeza intaneti ya ufukweni kwenye sheria, na kwamba lingekuwa jambo jema kuanza na simu yangu. Alisema nilete maombi kwa maandishi. Nimeshaandika, kurasa mbili, na nakala ya cheti nimeambatanisha.