Zamu za Jikoni Tobago

Kila Agosti ukoo wa mume wangu huvuka kutoka Trinidad kwenda Tobago kwa wiki moja. Watu kumi na wawili, nyumba moja ya kukodi pale ufukweni Black Rock, na sufuria ya chuma ya mama mkwe, nzito kama mtoto wa miaka minne. Anayesimama mbele ya sufuria hiyo ni mimi. Mwaka jana, niliporudi nyumbani Arima na kufungua begi, nilikuta nguo yangu ya kuogelea ingali na lebo ya dukani. Wiki nzima sikulowanisha hata kidole cha mguu.

Kwa hiyo mwaka huu, tiketi za feri zilipokatwa tu, niliwaita wote Jumapili baada ya chakula. Nikabandika karatasi kwenye friji: siku saba, wapishi wawili wawili, wanaume wamo.

"Mbona mimi Jumamosi?" aliuliza Learie, mume wangu.

"Kwa sababu ndiyo siku tunayofika. Utapika pilau."

Mdogo wake, Curtis, alicheka mpaka akashika tumbo. "Learie apike? Shemeji, watatuzika hukohuko ufukweni!"

"Cheka vizuri. Wewe ni Jumapili. Utapika kaa wa bizari."

Kicheko kikakatika.

Mama mkwe, Bi Eutrice, aliweka glasi yake chini. Ana miaka sabini na mbili na hapendi karatasi kwenye friji. "Miaka thelathini nimepika Tobago kabla yako, sikufa. Wewe Verlyn una ugonjwa gani?"

"Sina ugonjwa, Mama. Nataka likizo. Kama kila mtu hapiki siku yake, mimi nabaki hapa nyumbani, miguu juu ya meza. Nendeni na sufuria yenu."

Nilimaanisha. Learie ananijua. Akanitazama usoni, akaisoma karatasi tena, akasema basi, atafanya mazoezi.

Aliyafanya Jumamosi iliyofuata. Pilau yetu huanza na sukari: unaichoma kwenye mafuta mpaka iwe kahawia, ndipo unatia kuku, kisha mchele na mbaazi. Ukichelewa kidogo tu, chakula chote kinakuwa kichungu. Nilikaa barazani na mama mkwe, mikono nimeikalia. Moshi ulipotoka dirishani, magoti yangu yaliinuka yenyewe. Nikayarudisha.

"Inaungua," alisema Bi Eutrice.

"Nasikia harufu."

"Na huendi?"

"Siendi."

"Verlyn!" Learie aliita kutoka jikoni. "Weusi huu ni ule wa kawaida?"

"Mwaga, anza upya!"

Mara ya pili pia alimwaga, na safari hii hakuniuliza. Mara ya tatu tulisikia vipande vya kuku vikiingia, mafuta yakalia shaa, na Learie akapiga mluzi kama mtu aliyefunga goli.

Bi Eutrice alinyoosha shingo kuelekea dirishani. "Baba yake hakuwahi kushika hata mwiko," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile sikujua anawaza nini.

Tulikula saa tisa. Mbaazi zilikuwa ngumu, chumvi imezidi. Curtis alipofungua mdomo kutania, mama yake alimwambia, "Kula. Wewe zamu yako inakuja." Yeye mwenyewe alimaliza sahani yake yote.

Wanaume walipokwenda kuosha vyombo, alinisogelea na kushusha sauti.

"Ile nguo yako ya kuogelea, ulinunua duka gani?"

"La pale karibu na soko, Mama."

"Wana za saizi yangu?"

"Twende Jumatatu tukaangalie."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akakumbuka. "Na sufuria yangu je?"

"Wataibeba wenyewe."