Mguu wa Bruni

Mwili wa Bibi Amabel ulikuwa haujapoa vizuri kitandani pale mumewe, Bwana Fulke, alipoinama kumvua pete. Mbwa wa marehemu alimrukia na kumng'ata kiganja. Alikuwa mbwa mdogo wa rangi ya kahawia, shingoni ana ukanda wa njuga, jina lake Bruni.

Wangemuua palepale. Lakini Bwana Fulke alitaka kuagiza kaburi lenye sanamu yake na ya mkewe kwa wachongaji mawe wa Chellaston, na desturi ni kwamba sanamu ya bwana hulazwa na simba miguuni, ya bibi na mbwa. Alitaka mbwa wa jiwe afanane na huyuhuyu, ili wanaokuja kusali waseme alimpenda sana mkewe.

"Mtazameni mkichonga," alisema Wymond, msimamizi wake, akimfunga Bruni kwenye nguzo ya karakana. "Wa jiwe akikamilika, huyu namnyonga."

"Kosa lake nini?" Hawise aliuliza.

"Meno."

Hawise alikuwa binti wa fundi Thurstan. Sura za watu zilichongwa na baba yake, nazo zilikuwa sura moja tu, kila marehemu alipewa hiyohiyo. Wanyama walikuwa kazi ya Hawise. Yeye na Amabel walinyonya ziwa moja, kwani mama yake ndiye aliyemlea bibi huyo. Katika homa yake ya mwisho Amabel alimshika mkono akasema, "Bruni asipate taabu, dada." Hakusema lingine.

Basi Hawise akachonga polepole. Baada ya Pasaka Bwana Fulke angevuka bahari kwenda vitani pamoja na Wymond, na wakishaondoka, nani angemkumbuka mbwa? Akarudia njuga, akarudia masikio. Jioni Bruni alilala juu ya miguu yake, katikati ya vumbi jeupe la alabasta, mpaka akafanana na jiwe.

"Hilo sikio utalichonga mpaka siku ya Kiyama?" baba yake alimtania.

"Halijakaa sawa, baba."

Mzee akasogea karibu. "Mwanangu, najua unachofanya, nami sijaona kitu. Ila usimwambie mtu yeyote. Yule Wymond ana watu wake kila jiko."

Kwaresima ilipokaribia kwisha, mbwa mzima alikuwa amekwisha toka kwenye jiwe, isipokuwa mguu mmoja wa mbele. Huo Hawise aliuacha bonge.

Ndipo akaja Piers, fundi wa kupaka sanamu rangi, kutoka Nottingham. Wapaka rangi wana tabia yao: kosa la mchongaji hulificha bila kusema. Ufa huwa mkunjo wa nguo, kidole kilichovunjika huwa glavu. Huo ndio urafiki wa kazi hiyo, na hakuna anayeomba shukrani.

"Dada Hawise, huyu wako kiwete?"

"Mwache, kaka. Sijammaliza."

"Wymond kila siku anakuja kukufokea hapa. Huoni haya?"

"Mwache afoke. Koo ni lake."

Jumatano Kuu Thurstan alimchukua binti yake machimboni kuchagua jiwe. Piers akabaki na burashi zake. Alimtazama mbwa wa jiwe, akamwonea huruma Hawise, akachanganya rangi nyekundu. Lile bonge akaligeuza pindo la gauni la bibi, lenye mikunjo na ukingo wa dhahabu, kana kwamba mbwa amelikanyaga kwa mapenzi. Ilikuwa kazi nzuri kupita zote alizowahi kufanya.

Wymond alipita mchana. "Kumbe amekwisha?"

"Amekwisha, bwana," Piers akajibu kwa fahari.

Hawise alirudi akiwa amelowa mvua. Kwenye nguzo kamba ilikuwa imekatwa.

"Njoo uone nilivyokuokoa!" Piers aliita. "Yule jamaa kaondoka anacheka."

"Bruni yuko wapi?"

"Kaenda naye. Kwani..." Akamwona uso, burashi ikamdondoka. "Hawise. Ungeniambia, dada. Mbona hukuniambia?"

Hawise alikuwa amekwisha toka mbio. Alimkuta Bruni akining'inia kwenye mti wa mwaloni langoni kwa Bwana Fulke, njuga zikilia kidogo kila upepo ulipovuma. Alipanda mwenyewe kumfungua, na walinzi walimtazama bila kumsaidia wala kumzuia. Alimzika machimboni, kwenye kifusi cheupe. Wiki iliyofuata Bwana Fulke na Wymond walivuka bahari.

Bwana alirudi peke yake baada ya miaka kadhaa, akichechemea. Unyevu wa kanisani ulikuwa umekula rangi ya Piers, na chini ya pindo jekundu lile bonge likaonekana tena. Akamwita Hawise mbele ya kaburi, pale ambapo bwana mwenyewe alikwisha chongwa, kijana na mzima, kando ya mkewe.

"Malizia huo mguu. Watu wanauliza."

"Haumaliziki, bwana. Ukiguswa, ufa utapita mpaka kwa bibi."

Haikuwa kweli. Jiwe lilikuwa zima kabisa.

Bwana Fulke akafumbua kiganja, akalitazama kovu lake. "Basi uache," akasema, akaondoka taratibu na fimbo yake.

Hawise alipiga magoti. Alimpangusa Bruni vumbi masikioni kwa aproni yake, akaweka kiganja juu ya lile bonge, akakiacha hapo mpaka jiwe likapata joto. Patasi ilikuwa mfukoni. Hakuitoa.